Ziwa Tanganyika: Je, ubao mdogo wa kielektroniki unaweza kuwaonya wakazi wa Rumonge kabla maji hayajafika mlangoni?

Kwa miaka kadhaa sasa wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi wamekuwa wakipima maji kwa macho. Kuna anayeweka alama ya chaki ukutani, kuna anayechomeka kijiti mchangani, na kuna anayehesabu ngazi za nyumba zilizobaki kavu. Kulipokucha hutazama tena, na kwa kile anachokiona huamua kama atahamisha magunia, vitanda na watoto, au atasubiri siku nyingine.

Kipimo cha aina hiyo si cha kudharauliwa, lakini kina upungufu. Hakifanyi kazi gizani, aghalabu hakiandikwi popote, na hakitofautishi wimbi la upepo na ziwa lenyewe kupanda. Vifaa vinavyoweza kuifanya kazi hiyo mchana na usiku si ghali tena kama zamani. Ni ubao wa kielektroniki unaoenea kiganjani, kihisi kimoja au viwili, betri, na programu fupi ambayo mara nyingi hutolewa bure, ikiwa imeandikwa tayari kama mfano wa kujifunzia.

Swali ni hili: kutoka kwenye programu ya mfano inayowasha taa ndogo hadi kwenye onyo ambalo familia inaweza kulitegemea usiku wa manane, kuna umbali gani?

Kwa nini sentimita moja ni habari kubwa?

Rumonge iko kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara ya taifa namba 3 inayofuata ufuo kupitia Kabezi, Magara na Minago, kisha kuendelea hadi Nyanza-Lac. Ni mji wa mawese, wa ndagala na mukeke, na ni miongoni mwa sehemu za Burundi ambako Kiswahili husikika kila siku sokoni, mwaloni na msikitini, kama ilivyo katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura.

Ziwa linalopakana na mji huo lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470. Nchi nne zinalichangia: Burundi, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Mito inayoingia ni mingi, lakini unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, karibu na Kalemie upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, maji hayana njia ya haraka ya kutokea. Hujilimbikiza.

Historia inaonyesha jambo hilo. Katika miaka ya 1870, kabla Lukuga haijafunguka barabara, uso wa ziwa ulikuwa juu zaidi ya ulivyo leo. Mlango huo ulipofunguka, maji yalishuka kwa mita nyingi. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliyapandisha tena hadi kilele cha mwaka 1964. Mwaka 2024 ziwa lilifika kiasi cha mita 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango kinachokaribia kile cha 1964, ilhali wastani unaotajwa sana vitabuni ni mita 773 hadi 774.

Uso wa Ziwa Tanganyika una eneo la takriban kilomita za mraba 32,900. Hesabu nyepesi inaonyesha kwamba ziwa likipanda kwa sentimita moja tu, limeongezewa zaidi ya mita za ujazo milioni 300 za maji. Kwa mtu aliyesimama ufuoni, sentimita moja haionekani. Lakini pale ambapo ardhi ni tambarare, sentimita chache zinatosha kuufikisha ukingo wa maji kwenye msingi wa nyumba.

Mwezi Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa ziliomba msaada wa kimataifa. Zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathiriwa na mvua kubwa, mafuriko na maporomoko ya ardhi tangu Septemba 2023, msimu ulioambatana na El Niño. Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, ilikuwa imekwisha kufurikwa mara kadhaa na mto Ruzizi tangu mwaka 2020.

Hapa pana tofauti ya kuzingatia. Mto hujaa kwa saa chache, nalo ziwa hupanda kwa majuma na miezi. Kwa kawaida hufikia kilele kati ya Aprili na Mei, kisha hushuka kiangazi kinapoingia. Anayeishi kando ya mto anahitaji king'ora. Anayeishi kando ya ziwa anahitaji daftari la vipimo linaloonyesha maji yanaelekea wapi. Vifaa vyao vinaweza kufanana, lakini programu zao zitatofautiana.

Ubao huo ni nini hasa?

Moyo wa ubao ni chipu iitwayo mikrokontrola. Ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya kipande kimoja, ambayo hubeba programu moja na kuirudia bila kuchoka kwa muda wote inapopata umeme. Haina skrini wala kibodi. Mawasiliano yake na ulimwengu wa nje hupitia pini, yaani vijiti au vitundu vya chuma vilivyopangwa pembezoni mwa ubao.

Ubao unaojulikana zaidi miongoni mwa wanafunzi ni Arduino, ulioanzia mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, na ndiyo maana watengenezaji wengine huunda nakala zake na kuziuza kwa bei ya chini. Toleo maarufu, Arduino Uno, lina pini 14 zinazojua mambo mawili tu, kuna umeme au hakuna, na nyingine sita zinazoweza kupima kiasi cha umeme. Kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti mbili. Kwa simu ya mkononi hicho ni kiasi kidogo mno, lakini kwa kupima maji kinatosha.

Programu huandikwa kwenye kompyuta ya kawaida, kisha huhamishiwa kwenye ubao kwa kebo. Ikishaingia, kompyuta inaweza kuondolewa.

Programu za mfano hufundisha nini?

Programu ya bure ya kuandikia misimbo ya Arduino huja na orodha ya mifano iliyo tayari. Mitatu kati yake ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata.

Wa kwanza unaitwa Blink. Huwasha taa ndogo iliyo kwenye ubao kwa sekunde moja, huizima kwa sekunde moja, kisha hurudia. Una amri tatu tu: pinMode hutangaza kwamba pini fulani itatoa umeme, digitalWrite huuwasha au kuuzima, na delay husubiri. Huonekana kama mchezo, lakini mahali pa taa panaweza kuwekwa king'ora, na programu isibadilike hata kidogo. Jambo la kukumbuka ni kwamba pini moja haiwezi kubeba mzigo mkubwa. Taa ya LED huunganishwa kupitia kizuizi cha umeme cha ohmu 220 hivi, na king'ora kikubwa huhitaji swichi ya kati iitwayo rilei. Asiyefuata hayo huunguza pini.

Mfano wa pili husoma kitufe: je, kimebonyezwa au la? Mwanafunzi hugundua upesi kwamba pini isiyounganishwa popote husoma ovyo, mara ndiyo, mara hapana, kwa sababu hudaka umeme mdogo uliomo hewani. Dawa yake ni kuielekeza pini upande mmoja kwa kizuizi, ambacho tayari kimo ndani ya chipu na huamshwa kwa neno moja katika programu. Mfano huu una manufaa makubwa kuliko unavyodhaniwa. Swichi ya boya, ya aina inayotumika katika matangi ya maji, si chochote ila kitufe kinachobonyezwa na maji. Ikifungwa kwenye nguzo kwa urefu uliochaguliwa, ubao utajua dakika ileile maji yanapoufikia urefu huo.

Mfano wa tatu hupima kiasi. Amri ya analogRead hugawa volti tano katika ngazi 1,024, kuanzia 0 hadi 1,023, kwa hiyo kila ngazi ni takriban milivolti tano. Kihisi cha joto cha aina ya LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kukiwa na nyuzi 25 kitatoa milivolti 250, na ubao utasoma namba inayokaribia 51. Huenda msomaji akajiuliza joto lina uhusiano gani na mafuriko. Uhusiano upo, kama itakavyoonekana.

Kuna kikwazo kimoja ambacho si cha umeme. Maelezo yaliyomo ndani ya mifano hii yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali mtoto wa Rumonge huongea Kiswahili na Kirundi nyumbani na kukutana na Kifaransa darasani. Lakini ubao hausomi maelezo hayo. Mistari inayoanza kwa mikwaju miwili huachwa kabla programu haijahamishwa. Mwalimu anaweza kuifuta yote na kuandika kwa Kiswahili kila mstari unafanya nini, na programu ikaendelea kufanya kazi vilevile. Amri zenyewe ndizo zisizobadilika, na zinazohitajika hapa hazifiki hata kumi.

Mwangwi unapimaje maji?

Mtu akipiga kelele mbele ya mlima na kuhesabu muda hadi mwangwi urudi, anaweza kukisia mlima uko mbali kiasi gani. Kihisi cha HC-SR04, kinachopatikana kwa bei nafuu na kuonekana katika vitabu vingi vya kujifunzia, hufanya hivyo kwa sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliisikii. Programu yake ya mfano ina hatua nne:

- Pini ya kwanza huwashwa kwa sehemu 10 za milioni za sekunde, ikiwa ni ishara ya kuanza.
- Kihisi hutoa sauti ya mawimbi 40,000 kwa sekunde kuelekea chini.
- Pini ya pili hubaki imewaka hadi mwangwi urudi, na ubao hupima muda huo.
- Muda huzidishwa kwa mwendo wa sauti, kisha hugawanywa kwa mbili, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi.

Tuseme kihisi kimening'inizwa mita mbili juu ya maji. Sauti itasafiri mita nne. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti huenda takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo mwangwi utarudi baada ya milisekunde 11.7 hivi. Skrini ya kompyuta itaonyesha 200, yaani sentimita 200. Kijana aliyeianza kazi hiyo baada ya chakula cha mchana anaweza kuimaliza kabla ya jua kuzama.

Ni hapo ndipo penye hatari, kwa sababu namba hiyo huonekana kama ukweli uliokamilika.

Mfano unakosea wapi?

Kosa la kwanza ni joto. Mwendo wa sauti huongezeka hewa inapopata joto. Kwenye nyuzi 30 sauti huenda takriban mita 349 na nusu kwa sekunde. Programu nyingi za mfano hutumia mwendo mmoja usiobadilika. Matokeo yake ni kwamba jua likiwa kali, mwangwi hurudi mapema, na ubao hudhani maji yamesogea karibu. Kwa umbali wa mita mbili, tofauti ya nyuzi 10 huleta kosa la sentimita tatu na nusu. Yaani kila adhuhuri ziwa "hupanda" sentimita tatu na nusu na kila alfajiri "hushuka", bila maji kusogea hata kidogo. Kwa kuwa ziwa halisi laweza kuhitaji siku nyingi kupanda kiasi hicho, kosa hili linatosha kuifunika habari yote. Ndiyo sababu kihisi cha joto ni lazima kiwepo, na programu ikokotoe upya mwendo wa sauti kila inapopima.

Kosa la pili ni mawimbi. Upepo wa ziwani huinua na kushusha uso wa maji kila sekunde chache, na boti ikipita huongeza yake. Kipimo kimoja hakina maana. Njia inayofaa ni kupima mara moja kila sekunde kwa dakika tano, kupata vipimo 300, kuvipanga kuanzia kidogo hadi kikubwa, kisha kuchukua cha katikati. Cha katikati ni bora kuliko wastani, maana ndege akitua chini ya kihisi au gugu la maji likipita, vipimo vichache vya uongo haviwezi kukivuta. Mafundi wengi huongeza njia ya kale isiyohitaji umeme: bomba pana la plastiki lililosimamishwa majini, lenye vitundu vidogo chini. Maji ndani yake hupanda na kushuka pamoja na ziwa, lakini mawimbi huishia nje. Lazima liwe pana kweli, kwa sababu sauti hutawanyika kama mwanga wa tochi na huweza kugonga ukuta wa bomba kabla ya kuyafikia maji.

Kosa la tatu ni kutojua kipimo kimeanzia wapi. Kihisi hakijui kina cha ziwa. Kinajua tu umbali kati yake na maji. Nguzo ikiinama au mtu akikisogeza, namba zote zinazofuata zitapotoka bila ishara yoyote. Kwa hiyo panahitajika alama ya kudumu kwenye kitu kisichohama, kama nguzo ya zege au jiwe kubwa, na urefu wa kihisi juu ya alama hiyo upimwe kwa futi ya fundi. Ikiwa kihisi kiko sentimita 300 juu ya alama, na ubao unasoma 212, basi maji yako sentimita 88 juu ya alama. Kando yake husimamishwa ubao wa mbao uliochorwa sentimita, na kila juma mtu husoma kwa macho na kulinganisha. Kijiti cha wazee kinabaki kazini, safari hii kama msahihishaji wa kompyuta.

Kosa la nne limejificha ndani ya programu yenyewe. Mwanafunzi anayetaka ubao upumzike dakika tano huandika delay(5*60*1000), yaani dakika tano mara sekunde 60 mara milisekunde 1,000. Hesabu ni sahihi: 300,000. Lakini Arduino Uno hufanya kuzidisha huko kwa namba zisizozidi 32,767. Hesabu hufurika, hugeuka kuwa hasi, na amri ya kusubiri huisoma kama namba kubwa mno. Ubao ulioambiwa upumzike dakika tano hulala kwa karibu siku 50. Hakuna moshi wala taa nyekundu, na anayeutazama hudhani uko kazini. Dawa yake ni kuandika 300000 moja kwa moja, au kuongeza herufi UL baada ya 1000 ili ubao utumie namba ndefu. Herufi mbili hizo, katika msimu wa mvua, zinaweza kuamua kama onyo litatoka au halitatoka.

Namba inakuwaje onyo?

Ubao wa aina hii hauna saa ya kudumu. Umeme ukikatika, husahau ni siku gani. Saa ndogo yenye betri ya kitufe huongezwa ili kila kipimo kiandikwe pamoja na tarehe, na kadi ya kumbukumbu huhifadhi vipimo vya miezi mingi.

Umeme wenyewe si tatizo geni mwaloni. Wavuvi wa ndagala, ambao huvua usiku kwa kuvutia samaki kwa mwanga, wanazifahamu taa za LED na betri zake. Arduino Uno hutumia takriban miliampia 50, hivyo betri ya saa-ampia saba inaweza kuuendesha kwa siku tano hadi sita bila jua, na kipande kidogo cha sola kikaijaza tena. Kihisi cha kawaida cha HC-SR04, hata hivyo, hakivumilii unyevu. Kwa matumizi ya nje huchaguliwa aina isiyoingia maji, ambayo nayo haiwezi kupima kitu kilicho karibu sana, takriban sentimita 20 hadi 25. Ikiwekwa chini mno, itapofuka hasa pale maji yanapofika juu.

Ili kutuma ujumbe mfupi wa simu, huongezwa kifaa chenye laini. Wakati wa kutuma, kifaa hicho huvuta hadi ampia mbili kwa muda mfupi, kiasi ambacho pini za ubao haziwezi kutoa. Wengi huunganisha moja kwa moja na kushangaa ubao unapozimika kila unapojaribu kutuma. Kifaa hicho lazima kipate umeme wake kutoka kwenye betri.

Kinachobaki ni uamuzi, na huo hauandikwi na kihisi. Onyo litoke maji yakifika wapi? Likitoka mapema mno mara tatu bila sababu, mara ya nne hakuna atakayeamka. Likichelewa, magunia yatakuwa yamelowa. Kando ya mto kama Ruzizi, inafaa kupima kila dakika chache na kuonya vipimo vitatu mfululizo vikipita alama. Kando ya ziwa, inafaa kulinganisha leo na juma lililopita: je, maji yameongezeka sentimita ngapi, na yakiendelea hivyo yataufikia mtaa lini? Alama hiyo inapaswa kuchaguliwa na watu wanaojua nyumba ipi hufikiwa kwanza, wakiwemo wazee wanaokumbuka maji ya 1964, wavuvi, na wasimamizi wa mtaa.

Je, kuna waliokwisha kufanya hivyo?

Wapo, na hawako mbali. Nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, mjini Nyeri, wametumia kihisi cha mwangwi na mikrokontrola kufuatilia kina cha mto Muringato, huku vipimo vikisafirishwa kwa redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo. Mpango wa TAHMO, ulioasisiwa na wanasayansi wa vyuo vikuu vya Uholanzi na Marekani, unalenga kuweka vituo 20,000 vya hali ya hewa barani Afrika, vingi vikiwa katika shule. Nao mradi wa 3D-PAWS umejenga vituo vya hali ya hewa ambavyo sehemu zake huchapwa kwa mashine za plastiki, na vimewekwa katika nchi zikiwemo Kenya na Zambia.

Vilevile kuna macho ya angani. Setilaiti hupima urefu wa maziwa makubwa, Tanganyika likiwemo, na baadhi yake hurudi juu ya njia ileile kila baada ya siku 10 hivi. Zinaeleza vyema ziwa zima linaelekea wapi. Hazimwambii mkazi wa kitongoji kimoja maji yamefika wapi usiku huu.

Ubao hauwezi kufanya nini?

Hauwezi kulizuia ziwa, wala hauwezi kuchukua nafasi ya vyombo vyenye dhamana. Nchini Burundi, vipimo vya maji na hali ya hewa ni jukumu la taasisi ya jiografia ya taifa, IGEBU. Kwa ziwa zima ipo Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, iliyotokana na mkataba ambao nchi nne za mwambao zilitia saini mwaka 2003. Vipimo vya shule au vya chama cha wavuvi hupata thamani zaidi vikipelekwa huko na kulinganishwa na vile rasmi.

Pia hauwezi kujibu swali zito kuliko yote, la nani aishi wapi. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka ukanda wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika usijengwe. Lakini nyumba nyingi ziko ndani ya ukanda huo, baadhi tangu kabla ya sheria kuwepo, na aliyewekeza akiba ya maisha yake hapo hawezi kuambiwa ahame bila kuonyeshwa pa kwenda. Isitoshe, ziwa likipanda, mita 150 huhesabiwa kutoka ukingo upi, wa jana au wa leo?

Katika mjadala wa namna hiyo, daftari la vipimo lina uzito wake. Mkazi anayesema maji yamepanda huweza kubishiwa. Mkazi anayeonyesha vipimo vya kila siku kwa miaka miwili, vyenye tarehe na alama inayojulikana, ni vigumu kumpuuza, iwe anaomba tuta, fidia au kiwanja kingine.

Kwa anayetaka kuanza, njia ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Ataanza na taa inayowaka na kuzima, kisha kitufe, kisha kihisi cha joto, na mwisho mwangwi, kwanza juu ya beseni la maji nyumbani. Aongeze maji kikombe kimoja kimoja na kulinganisha namba za ubao na futi ya fundi, asubuhi kungali baridi na adhuhuri jua likiwa kali. Namba hizo mbili zikipatana kwa juma zima, kifaa kinaweza kupelekwa ufuoni. Zisipopatana, kosa litafutwe hapo hapo kwenye beseni, ambako kukosea hakumlazimishi mtu yeyote kuhama nyumba yake.